Bi Mdogo wa Lami

Wivu wangu haukuanza na mashine. Nataka hilo lieleweke mapema, maana majirani zangu wa Buyenzi husimulia kana kwamba nilikuwa mwanamke mpole, kisha kikaja chuma kikanivuruga akili. Sikuwahi kuwa mpole. Nilipoolewa nilimwonea wivu wifi yangu kwa sababu alijua kukaanga mukeke, samaki wa ziwa letu, kuliko mimi. Nilimwonea wivu hata mama mkwe, Mungu amrehemu, kwa sababu mume wangu akishikwa na homa alikuwa anamwita yeye, siyo mimi. Mama yangu alinikanya mara nyingi kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki miaka yote hii na sikukonda, anayenifahamu atashuhudia.

Mume wangu ni kantonye. Kazi yake ni kuziba mashimo ya barabara za mji: kufagia shimo, kumwaga lami na kokoto, kushindilia, kuhamia shimo linalofuata. Mvua ikinyesha wiki moja Bujumbura, mashimo yote yanarudi na yameleta ndugu zao. Kwa hiyo mkate wetu umetoka ndani ya mashimo, na siyo jambo la kuonea haya. Nguo zake zilinuka lami hata zikifuliwa, na mimi niliizoea ile harufu mpaka nikawa nailalia.

Shida yetu ilikuwa kuonana. Gari la kazi liliwachukua alfajiri. Jioni mimi nakaanga chapati na sambusa kwenye kona ya mtaa wetu, na nikirudi nyumbani yeye anakoroma. Watoto wameoa na kuolewa, kila mmoja na nyumba yake. Ukitutazama vizuri, ndoa yetu ilikuwa inaishi saa sita mchana tu, barabarani, kwenye mkeka.

Maana nilikuwa namgemulia. Kwetu hapa kumgemulia mtu ni kumpelekea chakula pale alipo, awe hospitalini, awe kifungoni, awe kazini. Kila asubuhi aliniambia leo wako wapi, Asiatique kwenye maduka, au Kamenge karibu na hospitali, au kule Musaga kwenye mlima, na saa sita ikikaribia mimi nafunga sufuria kwenye kitenge, naipachika kichwani, mkeka kwapani, naenda. Bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, au wali na maharage, na sombe ya majani ya muhogo siku niliyoamka na moyo mzuri. Mguu wangu wa kushoto naukokota kidogo tangu utotoni, kwa hiyo siendi mbio, lakini sikuwahi kuchelewa.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hakuna atakayenielewa. Mume wangu alikuwa anasimama. Kantonye akifanya kazi huinama, na yeye aliinama amenipa mgongo, kelele za magari na pikipiki zimemzunguka. Lakini kabla sijafika, kabla hata wenzake hawajaniona, alikuwa anaweka chini chuma chake cha kushindilia na kusimama wima. Hageuki kwanza. Anasimama, anafuta uso, ndipo anageuka. Wenzake walikuwa wakicheka.

"Huyu mutu iko na macho mu mugongo," walisema.

"Apana," yeye alijibu. "Iko na masikio."

Ulikuwa ule mguu wangu. Barabara mbovu ina changarawe zilizolegea, na kiatu changu cha mpira kikiburutwa juu yake kinatoa sauti yake, sauti ambayo mwanamke mwingine hana. Mtu husimama kwa ajili ya mgeni, husimama kwa ajili ya mkubwa wake. Mwanamke aliyebeba sufuria ya maharage, nani humsimamia? Mimi nilisimamiwa kila siku ya kazi, mbele ya watu, na nilikuwa najivunia jambo hilo kuliko dhahabu ya harusi.

Kisha ikaja mashine.

Ililetwa kwa majaribio, na watu wa mbali wakishirikiana na watu wa hapa, na mimi mambo ya mikataba yao siyajui. Ilikuwa na kimo cha gari dogo la abiria, rangi ya machungwa, na mlingoti mfupi juu wenye macho ya kioo pande zote. Haina dereva. Inatembea yenyewe polepole pembeni mwa barabara, inaona shimo, inasimama, mkono unatoka tumboni unapuliza vumbi, unamwaga lami, unashindilia, unarudi ndani. Siku ya kwanza ilipopita Asiatique, wenye maduka walitoka nje na wateja wao, mizani zikabaki hazina mtu. Mzee mmoja wa dukani alisema: mashine iliyojiendesha yenyewe kwenye mji wetu na isigongwe na pikipiki, hiyo ina dua ya mtu.

Wenzake wa kazi walihamishiwa kuchimba mitaro. Mume wangu akachaguliwa kutembea na mashine, maana walitaka mtu mmoja wa kuwaondoa watazamaji mbele yake, kuzungumza na madereva wenye hasira, na kuipigia simu ofisi kama kuna jambo. Walimchagua kwa sababu ni mvumilivu. Nani kamfundisha uvumilivu kama siyo mimi? Wakampa koti jipya linalong'aa na kibendera chekundu, akarudi nyumbani siku hiyo akiwa macho, hakukoroma, akaningojea mpaka nikafunga biashara.

"Mama, ungeiona ile mashini," aliniambia. "Inatembea mupole kama bibi-arusi."

Nilikuwa nimeshika beseni la unga. Nililiweka chini.

"Na mi nilitembea aje, siku ya arusi yangu?"

"We? We ulitembea muzuri. Lakini hii, sha, hii haichoki. Hainung'uniki."

Mungu ni shahidi, hakusema kwa ubaya. Lakini mume akisifu kitu kwa kutonung'unika mbele ya mkewe, anataka mke ajibu nini? Nilijibu kwa kunung'unika mpaka usingizi ukamchukua.

Kesho yake nilipika sombe, na moyo wangu haukuwa mzuri, nilipika kwa makusudi. Nilimkuta kwenye barabara inayopanda Kamenge. Mashine mbele, yeye kando yake, kibendera mkononi. Nilikaribia. Hakusimama, kwa sababu alikuwa tayari amesimama, anatembea. Hakugeuka pia. Nilifika mpaka ubavuni kwake nikamwambia chakula kimefika, akaniangalia kama mtu aliyeamshwa.

"Ah, mama. Leo hatukai. Yenyewe haikai. Nipe tu mu mukono."

Basi nikatembea naye, sufuria mkononi nimeifungua nusu, namkatia tonge nampa, anameza huku macho yake yako kwenye mashine. Pale ilipoziba shimo, alisimama kuitazama mpaka imalize, mdomo wake umejaa sombe yangu na hata hakusema kama ina chumvi. Wanawake wa Kamenge wanaouza ndizi kwenye njia walituona. Habari ilifika Buyenzi kabla yangu.

"Bi mkubwa, hujambo?" jirani yangu, fundi cherehani, aliniita kutoka barazani kwake. "Bi mdogo alipita hapa asubuhi na mume wako. Wamependezana, mashallah. Wote wamevaa rangi moja."

Na kweli, koti na mashine vilikuwa rangi moja.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaiita bi mdogo. Bi mdogo ameamkaje? Bi mdogo leo anaziba wapi? Nilicheka nao, maana mtu akikutania na usicheke, umempa fimbo. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Mke mwenza wa kweli ningemjua la kumfanya. Ningemtazama sahani zake kama zimeoshwa, ningesikia anavyoongea na watoto, ningempata tu pahala. Hii haikuwa na sahani. Ilikuwa inafanya kazi jua na mvua, na mashimo iliyoziba hayakurudi baada ya mvua ya kwanza, nikaenda mwenyewe kuyakagua, nikayakanyaga kwa kisigino. Yalikuwa magumu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko nilivyotoka.

Na yeye alinogewa. Kipya kinyemi. Usiku aliniambia imegundua shimo lililofunikwa na maji ambalo yeye mwenyewe angelipita. Aliniambia inapunguza mwendo watoto wa shule wakitoka. Niliuliza kama inajua pia kukaanga chapati, akafikiri kwanza, kisha akajibu kwamba hapana, haijui. Alifikiri kwanza.

Kilichonimaliza ni kitambaa. Nilikuwa nimempa kipande cha kitenge changu cha zamani, cha buluu chenye maua meupe, ambacho nilikivaa alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza. Alikiweka begani, alifutia uso wake kabla ya kugeuka kunitazama. Siku moja nafika Asiatique na sufuria yangu, namwona amepanda juu ya jiwe, amejinyoosha kuufikia ule mlingoti, anayafuta macho ya mashine kutoa vumbi. Anafuta polepole, duara, duara, anapulizia pumzi kwanza, kisha anafuta tena. Kwa kitambaa changu. Mimi nilikuwa na vumbi usoni kutoka Buyenzi mpaka pale, na hakuna aliyenipulizia.

Nilimpa matonge yake, nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti changu nikawaza. Akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyekuwa ameniambia nisije tena saa sita, lakini nikawa naona wazi jinsi itakavyokuwa: leo anakula anatembea, kesho ataniambia nisisumbuke na jua, keshokutwa atanunua maandazi njiani. Na mimi nitabaki na mume ninayemjua kwa kukoroma tu. Nilikuwa nimebakiwa na saa moja ya mwanaume huyu, na kitu kisicho na tumbo la kushiba kilikuwa kinaila.

Kesho yake niliubana mkeka kwapani kama zamani. Walikuwa kwenye barabara ya Musaga, chini kidogo kabla ya mlima kuanza. Sikwenda ubavuni kwake. Niliipita mashine, nikaenda mbele yake, nikatandika mkeka katikati ya njia yake, nikakaa, nikafungua sufuria.

Sikujua itafanya nini. Watu husema nilijua, sikujua. Nilisikia ikija kwa mlio wake mdogo, lakini sikugeuka, niliendelea kupakua. Ikasimama. Ikapiga kengele mara kadhaa kwa adabu, kisha ikanyamaza, na taa yake ya pembeni ikawa inawaka na kuzima.

Mume wangu alikuja mbio na kibendera.

"Mama, uko unafanya nini? Toka mu njia!"

"Kaa ukule."

"Itanifukuzisha kazi hii!"

"Inakufukuzisha nani? Imesimama, iko na adabu kukushinda. Kaa, chakula kinapoa."

Aliangalia mashine, akaniangalia mimi. Madereva walikuwa wanatupita wakipiga honi na kucheka, vijana wa pikipiki wameegesha, na mama mmoja mwenye kapu la nyanya kichwani alisimama kabisa kusubiri mwisho. Mume wangu akavua kofia, akanawa mikono kwa maji niliyommiminia, akakaa. Tulikula. Na katikati ya kula, kwa sababu ya malezi, kwa sababu mtu wa kwetu hawezi kula huku mwenzake amesimama pembeni bila kumkaribisha, mume wangu akanyanyua uso akaiambia mashine:

"Karibu."

Wale watu wote walikufa kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka akaziba uso. Mimi sikucheka. Neno limetoka moyoni, na nililiona linavyotoka.

Lakini saa yangu niliipata. Kesho nikaenda tena, nikatandika tena, ikasimama tena. Na kesho yake. Ikawa kama mazoea, watu wa njia hiyo wakatujua. Mpaka siku moja mhandisi wa mashine akaja kwa pikipiki, kijana mrefu, mtaratibu, Mrundi aliyesoma nje, amevaa viatu safi mno kwa barabara zetu. Mume wangu alisimama akawa kijivu kama majivu. Mimi nilimkaribisha mhandisi chakula. Angefanya nini? Amelelewa na mama, na mama zetu ni wamoja. Akakaa kwenye mkeka mbele ya mashine yake mwenyewe, akala bugali na ndagala, akaomba aongezewe.

"Mama," alisema akilamba vidole, "hivi munafanya kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Mbele yake hivi?"

"Wapi kungine? Yeye ndiye anakataa kupumuzika."

Aliitazama mashine, akatazama jua, akasema ni kweli, saa sita hata mashine inapata moto sana, haidhuru kama ikipumzika. Akatoa simu yake, akaigusagusa. Kutoka siku hiyo saa sita ikifika, mashine ilikuwa inajitoa pembeni, inapaki kwenye kivuli ikikipata, inanyamaza mpaka saa saba. Mume wangu alimshukuru mpaka nikaona haya. Na mimi nilirudi Buyenzi nimeinua kichwa, nikamwambia fundi cherehani kwamba bi mdogo amewekwa zamu.

Ushindi ule niliufurahia muda mfupi. Shangazi yangu alifariki Rumonge, nikaenda matangani, na matanga ya kwetu huwezi kuyatoka kesho yake. Niliporudi, basi liliniteremsha mjini jua likiwa juu. Sikupita nyumbani. Nilinunua maharage na ndizi kwenye mgahawa, nikaomba sufuria ya kuazima, nikapanda Musaga, nilikowaacha, nikiwa na nguo za safari. Nilikuwa na hamu naye. Ndiyo, nasema wazi, mwanamke mwenye wajukuu, nilikuwa na hamu ya kuona mgongo wake ukinyooka.

Nilimwona kwa mbali. Mashine imepaki chini ya ukuta, na yeye amekaa chini kwenye kivuli cha mashine yenyewe, mgongo umeegemea gurudumu, anakula mkate na chai ya chupa. Anaongea. Hakukuwa na mtu. Alikuwa anainua mkono, anaonyesha juu ya mlima, anatikisa kichwa, kama mtu anayemweleza mgeni habari za mji. Nilisogea. Kabla sijafika, ule mlingoti ukazunguka kunitazama, na taa ikawaka na kuzima. Yeye akaiona taa. Akaweka chupa chini, akasimama, akafuta uso, ndipo akageuka.

"Mama! Umerudi! Karibu, pole na safari."

"Umejuaje ni mimi?"

"Taa imewaka," alisema, anafurahi, hana habari. "Mutu akikaribia inaniambia. Siku hizi hata sihangaiki kusikiliza."

Basi. Alikuwa amesimama, kama nilivyotaka njia nzima kutoka Rumonge. Lakini amesimamishwa. Saa yangu nilikuwa nimeirudisha kwa mkono wangu, na humo ndani ya saa yangu bi mdogo ameingia, amekaa, ameshika kazi ya masikio ya mume wangu. Mimi nilikuwa nimewatafutia kivuli cha kukaa pamoja.

Nilimvua kitambaa begani. Nikapanda juu ya ukuta mdogo wa pembeni, mguu wangu mbovu ukitetemeka, nikayafunika macho ya mashine na kukaza fundo.

"Unaifanyia nini, mama?"

"Nakula na mume wangu bila kuangaliwa."

"Ile haijui wivu, we. Ni chuma."

"Mi ndiye najua. Kula." Kisha ikanitoka, kwa sauti ambayo sikuipanga: "Zamani ulikuwa unanisikia."

Alikula ndizi polepole, alimaliza, akanawa. Saa saba mashine ikaguna, akaipandia, akakifungua kile kitambaa, akaenda nayo. Usiku huo niliporudi kutoka kwenye chapati alikuwa amelala, lakini hakuwa anakoroma. Nilimsikia anavyopumua.

Asubuhi aliniambia wako palepale, Musaga. Nilipika wali, maharage, na ndagala juu. Nilifika pale kwenye kona ya ukuta nikawaona.

Mashine ilikuwa imepaki, na macho yake yamefungwa. Kile kitambaa cha buluu cha maua meupe, fundo kubwa la kiume, baya. Alikuwa amelifunga mwenyewe. Na yeye amekaa mbali na mashine, juu ya jiwe, amenipa mgongo. Kofia amevua, ameiweka kwenye magoti. Hali, haongei. Kichwa amekiinamisha upande, na nilijua mara moja anafanya nini. Alikuwa ananisikiliza.

Nikaanza kutembea. Sikunyata, wala sikuvua viatu, nilitembea kama ninavyotembea siku zote, mguu wangu naukokota. Na hakukuwa na sauti. Kipande chote kile bi mdogo alikuwa amekwisha kukiziba na kukifagia, hakuna shimo, hakuna changarawe hata ya kutupia kuku. Kiatu changu kilikuwa kinateleza juu ya lami ile kama kidole juu ya mafuta. Pikipiki ikapita chini, naye akageuza sikio upande huo, akauweka mkono wake nyuma ya sikio, akangoja. Ikapita. Akakiinamisha kichwa tena. Nilimkaribia mpaka nikaona mvi za kisogo chake, zilizonyolewa vibaya, na jasho kwenye kola ya lile koti. Hakunisikia. Alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote upande wa kona, na mimi nilikuwa nyuma yake kabisa.

Wivu haukunitoka, nisiseme uongo. Niliichukia ile mashine siku hiyo kuliko siku zote, kwa sababu imefanya kazi nzuri. Lakini nilipomwona ameinamisha kichwa vile, mtu mzima, anangojea mguu wangu kwenye barabara isiyoweza tena kuusema, nilisimama palepale.

Niliteremsha sufuria kichwani. Nikagonga kifuniko chake kwa kidole, mara moja.

Akasimama wima. Akafuta uso kwa kiganja, maana kitambaa kilikuwa kwa yule mwingine, ndipo akageuka.

"Nilikusikia toka kule ku kona," aliniambia.

"Najua," nilimjibu, nikatandika mkeka.